Kandarasi au Ajira ya Kudumu: Mstari Ulichorwa na Nani?

Wakikutana maprograma wawili Nairobi, hawamalizi chai kabla ya kufika kwenye swali hili: ni afadhali kandarasi au kazi ya kudumu? Mmoja atasema kandarasi ina pesa na uhuru. Mwenzake atamjibu kwamba pesa hizo huliwa na miezi ya kukaa bila kazi, na kwamba benki haimpi mtu mkopo wa nyumba kwa sababu ana ankara nzuri. Wote wawili wana hoja, na mjadala huishia pale pale ulipoanzia.

Leo sitaki kuwaamua. Nataka tupitie historia, kwa sababu kila ninapoisoma naona jambo ambalo halisemwi sana katika mijadala yetu. Mstari unaotenganisha kandarasi na ajira haukuchorwa na maprograma. Ulichorwa na watoza ushuru, majaji na wahasibu wa makampuni, mara nyingi kwa sababu zisizohusu kompyuta hata kidogo. Na kila uliposogezwa, kuna watu waliopoteza pesa au riziki ilhali kazi waliyokuwa wakifanya haikubadilika hata chembe.

Mwanzo: kuuza ujuzi mtupu

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 hakukuwa na biashara ya programu kama tunavyoijua. Ukikodi kompyuta ya IBM, programu zilikuja nayo bila bei yake tofauti. Mashirika makubwa yaliajiri maprograma wao wenyewe, wakakaa humo humo.

Machi 1955, John Sheldon na Elmer Kubie, waliokuwa wamefanya kazi IBM, walianzisha Computer Usage Company huko New York. Hawakuwa na mashine ya kuuza. Walichouza ni muda wa watu wanaojua kuandika programu, na kazi yao ya kwanza ilikuwa programu ya kuiga mwendo wa mafuta ardhini kwa ajili ya kampuni ya mafuta. Hapo ikathibitika kwamba ujuzi huu unaweza kununuliwa kwa kazi moja, kisha kila mtu akaenda zake. Juni 1969 IBM yenyewe ilitangaza kwamba itaanza kutoza programu na huduma bei yake, mbali na mashine, na soko likafunguka zaidi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote, hata hivyo, unatoka Uingereza. Stephanie Shirley alifika huko mwaka 1939 akiwa mtoto mkimbizi wa miaka mitano, aliyeokolewa kutoka kwa utawala wa Hitler. Alikua, akajifunza kuandika programu, na akagundua kwamba ofisini mwanamke hapandi cheo hata awe hodari vipi. Mwaka 1962 akaanzisha kampuni aliyoiita Freelance Programmers akiwa na pauni 6 tu. Barua zake za kutafuta wateja hazikujibiwa mpaka alipoanza kutia sahihi kwa jina la kiume, Steve.

Alichukua wanawake wenye ujuzi ambao waajiri walikuwa wamewasahau kwa sababu wamezaa. Walifanya kazi nyumbani, kwa karatasi na kalamu na simu ya mezani. Kati ya watu wake 300 wa kwanza, 297 walikuwa wanawake. Timu yao moja ilishughulikia programu za kisanduku cheusi cha ndege ya Concorde. Baadaye Shirley alianza kuwagawia wafanyakazi hisa, na kampuni ilipoingia soko la hisa la London mwaka 1996, 70 kati yao wakawa mamilionea.

Naeleza haya kwa sababu kuna watu hudhani kandarasi ni hila ya waajiri tangu mwanzo. Hapana. Kwa wanawake wale ulikuwa mlango wa pekee uliokuwa wazi, na waliufungua wenyewe. Shikilia hilo la hisa, maana tutalirudia.

Marekani: ushuru unaingia

Mwaka 1978 bunge la Marekani lilipitisha kinga kwa makampuni yanayotumia watu waliojiajiri. Kwa ufupi, kampuni iliyokuwa na sababu ya maana ya kumwita mtu mkandarasi haingeandamwa baadaye na idara ya ushuru, IRS, na kuambiwa ilipaswa kumkata ushuru kama mwajiriwa.

Halafu ikaja sheria kubwa ya ushuru ya 1986. Ndani yake kulikuwa na kipengele kifupi, nambari 1706, kilichopelekwa na seneta Daniel Patrick Moynihan wa New York. Kiliondoa kinga ile kwa kundi moja: wahandisi, wachoraji wa ramani za kiufundi, maprograma na wachambuzi wa mifumo wanaopelekwa kwa wateja kupitia wakala. Daktari hakuguswa. Wakili hakuguswa. Programa, ndiyo.

Kwa nini sisi? Gazeti la New York Times lilikuja kueleza kwamba IBM ilitaka nafuu ya ushuru kwa biashara yake ya ng'ambo, nafuu yenye thamani ya dola milioni 60. Kanuni za bajeti zilitaka pengo hilo lizibwe kutoka mahali pengine, na mahali pengine penyewe pakawa ni mifukoni mwa watu wa kompyuta. Mwaka uliofuata Moynihan mwenyewe alitaka kipengele hicho kifutwe. Hakikufutwa.

Matokeo yalikuwa ya haraka. Mawakala waliogopa faini, wakawakataa watu waliojitegemea. Ukitaka kazi kupitia wakala, unakuwa mwajiriwa wa wakala, naye anachukua sehemu yake. Mwaka 1987 IRS ikatoa orodha ya vigezo 20 vya kumtambua mwajiriwa. Nani anakuelekeza namna ya kufanya kazi? Nani anapanga saa zako? Vifaa ni vya nani? Unaweza kupata hasara? Unahudumia wateja wengine? Karibu maswali yote yanayoulizwa leo kuhusu jambo hili, Nairobi hadi London, yanafanana na yale.

Chuki iliyozaliwa hapo haikuisha upesi. Februari 2010, mhandisi mmoja wa programu aliiangusha ndege yake ndogo kwenye jengo lenye ofisi za IRS mjini Austin, Texas. Alikufa, na akamuua mfanyakazi mmoja wa idara hiyo. Katika maandishi aliyoyaacha alikuwa amekilalamikia kipengele 1706. Hakuna kinachohalalisha kumwua mtu aliyeenda kazini asubuhi. Nataja kisa hiki ili uone kwamba kifungu kifupi kilichotungwa kuziba pengo la bajeti kiliendelea kuwachoma watu miaka 24 baadaye.

Microsoft: mgeni aliyepewa jembe

Waswahili wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Microsoft katika miaka ya 1980 ilikuwa na wageni waliolima miaka na miaka, lakini jioni bado wakaitwa wageni.

Walikuwa mamia ya watu wanaojaribu programu, wanaoandika miongozo, wanaotafsiri bidhaa kwa lugha nyingine. Walikaa katika timu zile zile, chini ya wasimamizi wale wale, kwa saa zile zile. Tofauti ilikuwa rangi ya beji, anwani ya baruapepe, na sherehe ambazo hawakualikwa. Walilipwa kwa ankara, kama anavyolipwa muuzaji wa karatasi. Na kila mmoja alikuwa ametia sahihi kwamba yeye ni mkandarasi, atajilipia ushuru, na hana haki ya marupurupu.

IRS ilikagua hesabu za kampuni kuanzia 1989, ikatumia vigezo vyake, ikasema hawa ni waajiriwa. Microsoft ikakubali kulipa ushuru uliodaiwa. Baadhi ya watu ikawapa ajira. Wengi wa waliobaki iliwaambia wahamie kwa mawakala, waendelee na kazi ile ile kupitia huko.

Mwaka 1992 wanane kati yao, jina la Donna Vizcaino likitangulia, wakaenda mahakamani. Swali lao lilikuwa rahisi: kama serikali imesema sisi ni waajiriwa, na ninyi mmekubali, basi marupurupu yetu yako wapi?

Na hapa ndipo hisa zinarudi. Mwajiriwa wa Microsoft aliweza kununua hisa za kampuni kwa makato ya mshahara, kwa asilimia 85 ya bei ya mwanzo au ya mwisho wa kila kipindi cha miezi 6, ile iliyo ndogo. Kampuni iliingia sokoni 1986, na katika miaka ya 1990 hisa zake zilipanda kama moshi. Watu wawili walioketi dawati moja na kujaribu programu moja, mmoja angeweza kustaafu mapema, mwingine akabaki na ankara zake. Linganisha na kina mama wa Shirley. Wao walianza nje ya ofisi wakaishia kuwa wenye kampuni. Hawa walikuwa ndani ya ofisi, lakini mali ikawapita kando.

Mahakama ya Rufaa ya eneo la tisa ilitoa hukumu 1996, kisha jopo kubwa zaidi la majaji likarudia 1997. Funzo lililobaki ni hili: karatasi uliyotia sahihi haikugeuzi kuwa mkandarasi ikiwa kazi yenyewe ni ya mwajiriwa. Desemba 2000 kampuni ilikubali kulipa karibu dola milioni 97 kumaliza mambo.

Lakini ngoja kabla hujashangilia. Mapema mwaka huo huo Microsoft ilikuwa imetangaza kanuni mpya: mfanyakazi wa wakala akifikisha siku 365, lazima akae nje siku 100 kabla ya kurudi. Makampuni mengine nayo yakaanza kuweka ukomo wa aina hiyo. Kwa hiyo kesi iliyoshinda haki za wale waliotangulia iliwaachia waliofuata miezi mitatu na zaidi bila mshahara. Mhasibu alipata njia ya kuzunguka.

Uingereza: Ijumaa mwajiriwa, Jumatatu mkandarasi

Uingereza mambo yalichukua sura nyingine. Programa wa kandarasi huko alisajili kampuni yake ndogo, mara nyingi ya mtu mmoja. Mteja akailipa kampuni, naye akajilipa mshahara mdogo na kiasi kilichobaki kama gawio la faida, ambalo halikatwi mchango wa bima ya taifa. Ilikuwa halali, na ilikuwa na faida.

Tarehe 9 Machi 1999, siku ya bajeti, ilitoka taarifa iliyopewa nambari IR35. Ilitoa mfano wa mtu anayeacha kazi Ijumaa na kurudi Jumatatu kwenye kiti kile kile akiwa mshauri. Kuanzia Aprili 2000, mtu wa namna hiyo angetozwa kama mwajiriwa. Maprograma walipandwa na hasira. Waliunda chama chao mwaka huo huo wa 1999, wakaipeleka serikali mahakamani, na wakashindwa mwaka 2001.

Miaka mingi sheria hiyo ilikuwa na meno mabovu, kwa sababu aliyeamua kama inamhusu ni mkandarasi mwenyewe. Aprili 2017 uamuzi ukahamishiwa kwa mteja katika taasisi za umma, na Aprili 2021 katika makampuni binafsi ya wastani na makubwa, baada ya kuahirishwa mwaka mmoja kwa ajili ya korona. Benki kadhaa kubwa hazikutaka shida, zikasema hatuchukui tena watu wenye kampuni zao. Septemba 2022 waziri wa fedha Kwasi Kwarteng akatangaza kufuta mabadiliko hayo. Wiki chache baadaye, tarehe 17 Oktoba, mrithi wake Jeremy Hunt akafuta ule ufutaji. Fikiria wewe ni programa uliyepanga mwaka wako wote kwa tangazo la kwanza!

Kinachoniudhi zaidi ni hiki. Anayeangukia upande mbaya wa IR35 hulipa ushuru kama mwajiriwa, lakini yule mteja halazimiki kumpa likizo yenye malipo wala malipo ya ugonjwa. Ana mzigo wa mwajiriwa bila kivuli chake.

Kwetu Kenya

Sisi tuna tatizo la ziada la lugha. Mtu akisema "niko kwa kontrakti" anaweza kuwa anamaanisha vitu viwili tofauti kabisa.

Cha kwanza ni ajira ya muda maalumu: mkataba wa mwaka mmoja au miwili, unakatwa PAYE kila mwezi, una bosi. Huyu ni mwajiriwa. Sheria ya Ajira ya 2007 inamlinda: likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka, siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara, miezi mitatu ya uzazi kwa mama na wiki mbili kwa baba. Tofauti yake na wa kudumu ni kwamba siku ya mwisho ikifika, kwa kawaida hawezi kudai aongezwe muda.

Cha pili ni kandarasi ya kutoa huduma: unaleta ankara, mteja anazuia asilimia 5 na kuipeleka KRA, basi. Hakuna likizo, hakuna kiinua mgongo. Na hiyo asilimia 5 si mwisho wa hesabu. Ni malipo ya awali tu: kilichosalia kulingana na mapato yako unatakiwa kukilipa kufikia tarehe 30 Aprili, na fomu kuijaza kufikia tarehe 30 Juni. Wengi huona 5 upande huu na viwango vya PAYE upande ule, wakadhani wamepata nafuu. Wamepewa deni lenye tarehe.

Sheria hiyo hiyo ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua wa kutwa aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja hageuki kuwa hewa: ajira yake inachukuliwa kuwa ya mwezi. Kilitungwa kikilenga watu wa mjengo na mashamba, si watu wa laptopu. Lakini wazo lake ni lile lile la kesi ya Microsoft, kwamba jina haliwezi kuifunika kazi.

Hata suala la wakala limeshafika mahakamani kwetu. Wakaguzi wa maudhui ya Facebook waliofanya kazi Nairobi chini ya kampuni ya Sama waliishtaki pia Meta, nayo Meta ikadai haiwezi kushtakiwa hapa. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba inaweza. Wale si maprograma, lakini swali lililo ndani yake ni letu pia: nani bosi wako, anayekulipa au anayekutuma?

Na wanaoamini kwamba ajira ya kudumu ni kinga waikumbuke Andela. Ilifungua Nairobi 2015, ikawaajiri vijana, ikawafunza na kuwakodisha kwa makampuni ya Marekani. Septemba 2019 ilitangaza kupunguza mamia ya maprograma wachanga katika Nigeria, Uganda na Kenya, na baadaye ikageuka kuwa soko la kuwaunganisha maprograma na wateja. Waliokuwa na barua za ajira walijua siku hiyo kwamba barua haizuii mvua.

Basi tuulize nini?

Kutokana na historia hii mimi nimeacha kuuliza kipi ni bora. Nauliza mambo manne kabla ya kutia sahihi. Nani anaamua nifanye kazi saa ngapi na kwa namna gani? Naweza kuhudumia mteja mwingine? Kazi ikiharibika, hasara ni ya nani? Na faida ikija, nina fungu? Ukiona wao ndio wanaoamua kila kitu, huruhusiwi mteja mwingine, hasara unabeba wewe na faida huioni, hiyo si kandarasi. Ni ajira iliyonyang'anywa haki zake.

Ikiwa ni kandarasi ya kweli, basi ipe bei ya kandarasi. Tuchukue mshahara wa shilingi 150,000 kwa mwezi, yaani 1,800,000 kwa mwaka. Wengi hugawa kwa siku 260 za kazi na kutaja 6,900 kwa siku. Lakini toa siku 21 za likizo, tuseme 12 za sikukuu, 7 za ugonjwa na 30 za kutafuta kazi nyingine. Zinabaki 190. Bei sasa ni karibu 9,500 kwa siku, na hapo bado hujalipia bima ya matibabu, laptopu, bando wala pensheni. Ukitaja chini ya hapo, unamlipa mteja ili akuajiri.

Stephanie Shirley na wenzake walichagua wenyewe kukaa nje, na baadaye wakapata fungu. Watu wa Microsoft walichaguliwa na idara ya wahasibu. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti kati ya kandarasi na kudumu, na haiandikwi juu kabisa ya mkataba. Iko kwenye vifungu vya katikati, vile ambavyo huwa tunavipita haraka tukitafuta mahali pa kutia sahihi.